Jino la Mheshimiwa

Mimi sifichi: nilikwenda kwa mdogo wangu na begi tupu, na nia yangu ilikuwa kurudi na mtoto. Nguo zangu mbili tatu nilizitia kwenye mfuko wa plastiki, begi nikaliacha wazi kwa ajili ya nepi, vikombe na viblanketi vya mjukuu wetu. Nimelea watoto sita, wote wazima, wote wana meno yao mdomoni. Nani wa kunifundisha mimi?

Mdogo wangu ni fundi viatu. Mtaani kwao wanamwita Misumari, kwa sababu kwa miaka arobaini watu wamemkuta amebana vimisumari midomoni, anachomoa kimoja kimoja na kukigonga kwenye soli. Ukimsalimia anatikisa kichwa, basi. Kwangu mimi ambaye mdomo haunikai, ndugu wa namna hiyo ni mtihani. Mkewe alifariki miaka minane iliyopita, na tangu hapo anaishi peke yake nyuma ya chumba chake cha kazi: kitanda, jiko la mafuta, na redio inayoshika stesheni moja tu, tena ikitaka.

Binti yake anakaa mtaa wa pili. Mwaka huo alikuwa amepata nafasi ya kujifunza kuendesha malori makubwa, yale yenye magurudumu ambayo huwezi hata kuyahesabu. Wiki sita, kila siku asubuhi mpaka jioni, na darasa zima la watu ishirini lilikuwa na wanawake wawili. Ukikosa siku tatu, nafasi yako anapewa aliye kwenye foleni, hakuna cha samahani. Mume wake yuko kambini anajenga barabara, anakuja nyumbani mara moja kwa mwezi. Na mtoto ana miezi sita na kidogo. Sasa nani akae na mtoto? Mdogo wangu akasema, "Mimi." Neno moja, kisha akarudi kwenye kiatu chake.

Niliposikia kwenye simu nilicheka mpaka nikakaa chini. Mwanamume ambaye hajawahi kubadilisha nepi tangu azaliwe, anakaa kwenye gundi na visu, ndiye wa kulea? Nikamwambia binti amlete mtoto kwangu mpaka amalize. Kwangu ni nusu siku kwa basi. Akanijibu kwa adabu zake zote, "Shangazi, bado ananyonya. Akienda mbali, na mimi naacha mafunzo." Kwa hiyo mambo yalikuwa wazi tangu mwanzo: babu aweze, au binti asahau lori. Na mimi nilikuwa na hakika babu hawezi. Nilimwacha wiki ya kwanza ahangaike, wiki ya pili nikapanda basi.

Nilivyokuta sivyo nilivyotarajia, na hilo lilinikera. Mtoto alikuwa amekaa ndani ya kreti ya mbao iliyopigwa msasa mpaka ikalainika, imetandikwa mablanketi, iko karibu na mlango penye hewa. Wapita njia wote walikuwa wanamjua. Walimpa jina la Mheshimiwa, maana akiletwa asubuhi babu yake anasimama, anafuta benchi, na wateja waliokaa wanasogea. Yeye mwenyewe anaangalia watu bila haraka, kama anasubiri wamalize kupiga makofi.

Nikamtazama mdogo wangu, nikaona kitu kimepungua usoni. Midomo ilikuwa mitupu. Misumari ilikuwa kwenye kifuniko cha kopo, juu ya rafu. Nikamuuliza imekuwaje.

"Ananiangalia," akasema.

Ilibidi nimbane ndipo anieleze vizuri. Siku ya kwanza tu alimwona mtoto anamkodolea macho mdomoni, halafu mtoto akaokota kipande cha kamba ya kiatu na kukitia mdomoni mwake. Siku hiyo hiyo misumari ikahama. Tabia ya miaka arobaini, ameiacha kabla ya chakula cha mchana. Ningekuwa na akili hapo ningejua niko na mtu wa aina gani, lakini mimi nikasema moyoni ni bahati, tusubiri mambo yachemke.

Yalichemka Jumatatu ya wiki ya tatu. Mheshimiwa aliletwa amekunja uso, na mpaka mchana hakuukunjua. Mate yalimtoka mpaka bibu ya shingoni ikalowa, tukambadilisha, ikalowa tena, ya tatu ikalowa kabla ya saa sita. Kidevu kikamtoka vipele vyekundu. Uji ukija anafungua mdomo kwa pupa, kijiko kikigusa tu anageuza shingo na kulia. Usingizi wa mchana, dakika kumi, macho haya hapa. Nikasema ni njaa. Nikasema ni chango. Nikasema ni yale maziwa aliyokamua mama yake, yamekaa sana. La kusema sikukosa.

Mdogo wangu alitumia macho. Yeye mteja akileta kiatu hamuulizi kinamuuma wapi. Anakigeuza, anaangalia soli imelika upande gani, anajua mwenyewe. Basi na mtoto alimsoma hivyo hivyo. Aliangalia ncha ya blanketi iliyonyonywa mpaka ikakunjamana. Aliangalia ngumi ya mtoto, vifundo vimekuwa vyekundu kwa kutafunwa. Aliona kwamba kijiko anakikataa, lakini ukikiacha mkononi mwake anakiuma kwa nguvu zote. Akambeba hadi mlangoni penye mwanga, akamshusha mdomo wa chini taratibu. Fizi ya mbele ilikuwa imevimba, nyekundu, na chini yake kitu cheupe kwa mbali.

"Meno," akasema.

Na mimi mwenye watoto sita nilikuwa nimesimama palepale na chango langu. Niliudhika, nisiseme uongo.

Sasa sikilizeni kosa, kwa sababu ni kosa ambalo hata mimi nililipigia makofi. Fundi viatu akiona mtu anataka kitu cha kutafuna, kigumu lakini laini, atafikiria nini? Mdogo wangu alifungua lile sanduku lake la chini ambalo hakuna mteja anayefunguliwa ovyo, akatoa kipande cha ngozi nzuri kuliko zote alizokuwa nazo. Akaikata, akaikunja mara mbili, akaishona kwa uzi wa nta pande zote, mishono midogo iliyonyooka, akatengeneza kipete cha kushikwa na mkono wa mtoto. Akakiosha kwa maji ya moto na sabuni. Nawaambia kilikuwa kizuri, ungekivaa. Mheshimiwa alikikamata kwa mikono miwili, akakitia mdomoni, na chumba chote kikatulia. Alitafuna mpaka jioni. Mdogo wangu akamaliza jozi nne. Nikamwambia, "Leo umenishinda," na hayo si maneno ninayoyatoa kila siku.

Saa kumi na moja na nusu binti akaingia, vumbi mpaka kwenye nyusi, anacheka kwa sababu siku hiyo alikuwa amefaulu kuegesha lori kati ya nguzo mbili. Akamwinua mtoto wake. Akaacha kucheka.

Midomo ya mtoto ilikuwa ya kahawia. Kidevu cha kahawia, ulimi wa kahawia, rangi ya ngozi imeshuka mpaka shingoni. Na pembeni mwa mdomo palikuwa na ncha ya uzi. Binti akaishika na kuivuta polepole, ikaja, ikaja, uzi wa urefu wa kiganja, ule wa nta, umetoka kooni kwa mwanawe. Mtoto akakohoa mara moja, akamtabasamia mama yake.

Nilitamani ardhi inimeze. Mdogo wangu alisimama na mikono yake ikining'inia, hajui aiweke wapi.

"Baba," binti akasema, wala hakupaza sauti, "kesho siendi."

Asubuhi tulikuwa kliniki wote wanne. Hiyo ikawa siku ya kwanza kukosa, kati ya zile tatu. Nesi alikuwa mwanamke mfupi mwenye miwani kwenye kamba, amechoka lakini hana haraka. Akampima mtoto juu chini, akatuambia hajadhurika. Halafu akachukua kile kipete, akakigeuza, akakisifia mshono, kisha akampa mdogo wangu ukweli wake mkavu. Ngozi inalainishwa kwa dawa za viwandani na kupakwa rangi, si kitu cha mdomo wa mtoto hata uichemshe wiki nzima. Na uzi, au shanga, au kitu chochote kinachoweza kukatika au kufungwa shingoni, ndicho kinachoziba pumzi za watoto.

Mimi nikaona niokoe heshima ya ukoo. Nikasema si bora wangempaka asali kwenye fizi, kama nilivyowapaka wangu. Nesi akanigeukia. Akaniambia asali hapana kabla mtoto hajatimiza mwaka, inaweza kumuumiza vibaya. Akaongeza kwamba dawa za kupaka za kutia ganzi zinazouzwa madukani nazo tuziache. Nikanywea. Watoto sita, na nikanywea mbele ya mtu ambaye ningeweza kumzaa.

Kilichobaki alikisema polepole, akimwangalia mdogo wangu peke yake, kwa sababu ndiye aliyekuwa ameuliza. Osha mikono vizuri, msugue fizi kwa kidole, taratibu. Kitambaa safi kilicholowanishwa na kupozwa kwenye friji, si kugandishwa, atafune wewe ukimwangalia. Kuna vipete vya mpira vya kazi hiyo, kipande kimoja kisicho na kiungo. Mate yafutwe kwa kugusa, si kwa kusugua, na kidevu kipakwe mafuta kidogo ili vipele vipungue. Abebwe. Achezeshwe. Siku mbili tatu atalalamika zaidi, jino likitoka atapoa.

"Lakini nisikilize, babu," akasema. "Joto likifika thelathini na nane, au akiharisha, au akitapika, au akikataa kabisa kunyonya, usiniambie ni meno. Meno hayaleti hayo. Mlete, hata kama shangazi amesema ni kawaida."

Hilo la shangazi halikuwa lazima, lakini tuendelee.

Nje ya kliniki binti alimfunga mtoto mgongoni na kusema amekata shauri, atapeleka barua ya kuacha. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililouma. Alisema anakaa kwenye lori mikono iko kwenye usukani na roho iko kwenye kreti. Akasema anaogopa mtoto atakua yeye hayupo, arudi siku moja akute mtu mwingine. Nikaona nafasi yangu imefika, nikaanza kueleza mpango wangu wa begi. Mdogo wangu akanikatiza, kitu ambacho hajafanya tangu tukiwa wadogo.

"Nipe mpaka Ijumaa," alimwambia binti yake. "Siku tatu. Ukikuta kosa lingine, hata dogo, andika barua yako na mimi nitaipeleka kwa mkono wangu."

Binti alikaza khanga ya mtoto mgongoni. Akakubali kwa kichwa, kama baba yake.

Tulipofika tu chumbani mdogo wangu alikaa chini akaitazama mikono yake. Nesi alisema kidole kisafi. Wewe umewahi kuona mkono wa fundi viatu? Rangi nyeusi imeingia kwenye mistari ya viganja, gundi imekauka pembeni mwa kucha, ngozi ya kidole cha kusukumia sindano ni ngumu kuliko soli. Alichukua beseni, maji moto, sabuni ya unga na brashi ya kusugulia sakafu. Akasugua saa nzima. Maji yakawa meusi, akamwaga, akaanza tena. Alikata kucha mpaka nyama, akaparuza ule ugumu wa kidole kwa jiwe la kusugulia visigino, na siku iliyofuata akarudia kila kitu. Nikamwambia atajitoa damu. Akasema, "Ikitoka nitafunga." Lakini alisugua polepole baada ya hapo.

Jumatano ndiyo siku mtaa ulipojua kwamba Misumari amegeuka. Alifunga kopo la gundi na makopo ya rangi, akayapeleka nyuma, akafunga na mlango. Mpaka Ijumaa, hakuna kubandika wala kung'arisha viatu wakati mtoto yupo, ni kushona tu. Watu walikuja na visigino vyao wakarudi navyo. Kuna mzee mmoja mkurugenzi ambaye kila asubuhi kwa miaka kumi na tano anaweka mguu kwenye kile kisanduku, ang'arishiwe, aende ofisini kwake. Siku hiyo aliweka mguu, mguu ukakaa pale. Mdogo wangu alimwonyesha mikono yake miwili iliyotakata, akampa brashi na kopo, akamwelekeza akakae nje, hatua nyingi kutoka mlangoni. Mkurugenzi mzima, suti na tai, ameinama kando ya barabara anajipiga brashi mwenyewe. Nilicheka kwa khanga mdomoni. Hakukasirika, maskini; kesho yake alikuja na kopo lake.

Mama anayeuza maji baridi jirani alitupa kona ya friji yake. Tukaweka vitambaa sita vidogo, vimechemshwa, vimekunjwa ndani ya bakuli lenye kifuniko. Kimoja kikipata joto kinaenda kufuliwa, kingine kinakuja. Kwenye ile kamba ambayo siku zote hutundikwa kamba za viatu vya kuuza, sasa zilining'inia bibu. Binti alileta kipete cha mpira, tukakivuta na kukipindua kutafuta ufa. Mdogo wangu alikijaribu kwa meno yake mwenyewe, kisha akakumbuka, akakiosha upya kwa aibu.

Na mimi? Nilikuwa nimekaa kwenye benchi na macho makali, nangoja akosee. Nasema ukweli wangu. Kila alipochelewa kufuta mate nilihesabu moyoni. Nilitaka aweze na nilitaka ashindwe, vyote kwa pamoja, na sijui kama hilo ni dhambi lakini ndivyo nilivyokuwa.

Alhamisi maji yalitufika shingoni. Mheshimiwa alianza kulia saa tatu asubuhi na hakutaka kubembelezwa. Kipete alikitupa. Kitambaa cha baridi kilimtuliza dakika tano, akakitupa nacho. Uso ulimwiva. Nikamgusa paji la uso, nikasema huyu ana homa, mpigie mama yake aje. Kumpigia maana yake ilikuwa wazi: siku ya pili ya kukosa, na barua ingefuata. Mdogo wangu hakunibishia. Alichukua kipimajoto alichokwenda kukinunua mwenyewe, akamwekea mtoto kwapani, akasubiri kilie. Thelathini na saba na pointi nne. Akaangalia nepi: imelowa sawasawa, choo cha kawaida. Akampa maziwa ya mama yake kwa kikombe, akanywa, kwa kulalamika lakini akanywa.

"Hajafika thelathini na nane," akasema. "Akifika tunaondoka, hata viatu sivai."

Kisha akaosha mikono, akambeba, na akaanza kutembea. Kutoka mlangoni hadi kwenye benchi ni hatua saba. Alienda na kurudi, kidole kidogo kikisugua ile fizi polepole, mkono mwingine umemkumbatia mtoto. Na yule mtu asiyesema, nawaambia, alisema. Alimweleza Mheshimiwa viatu vyote vilivyokuwa kwenye rafu, kimoja baada ya kingine: hiki ni cha mwalimu, anatembea kwa haraka, angalia alivyokila kwa mbele; hiki ni cha bwana harusi, kinambana na hataki kukubali; hiki mwenyewe alihama, hakurudi. Akifika mwisho wa rafu anaanza mwanzo. Kila baada ya muda anapima joto tena, anaandika kwenye kipande cha kadibodi. Thelathini na saba na nne. Na tatu. Na nne. Mteja mmoja alisimama mlangoni akitaka soli yake papo hapo, akaambiwa arudi Jumamosi, akasema yeye hawezi kungoja mtoto wa watu anyamaze. Nilinyanyuka mimi mwenyewe nikampa kiatu chake na maneno ya kumsindikiza. Hapo ndipo nilipojigundua niko upande gani.

Saa nane mtoto alilala begani. Babu hakukaa, aliogopa akikaa mtoto ataamka. Alisimama vivyo hivyo, ameegemea mlango, shati lote mate. Nilimletea stuli nikaisukuma taratibu nyuma yake. Nikamwambia akae, nitashika kichwa cha mtoto. Roho iliniuma. Sita nimelea, na sikumbuki kama kuna hata mmoja niliyembeba hivyo. Walilia, nikawaambia ni meno tu, nikaendelea kupika.

Ijumaa saa nne asubuhi nilikuwa nafua vitambaa uani nikasikia ananiita. "Dada. Njoo na kijiko." Nilikwenda mbio nikidhani kumeharibika. Alikuwa mlangoni penye mwanga, mtoto mapajani, ametulia kabisa, anachezea kifungo cha shati. Mdogo wangu alichukua kijiko, akakigusisha kwenye fizi ya chini. Ti. Akagusa tena. Ti. Nikaosha mkono nikapeleka kidole changu: ncha kali kama punje ya mchele iliyovunjika. Lilikuwa limetoka.

Nilipiga vigelegele nusu, nusu nyingine nikiwa natafuta simu. Namba ya binti nilikuwa nimeshaibonyeza, kidole kiko juu ya kile kitufe cha kijani, mdogo wangu akaweka kiganja chake juu ya simu.

"Usimwambie."

Nikamuuliza ana wazimu? Hii ndiyo habari ya kumwokoa. Binti asikie, afurahi, ajue baba yake ameweza, mambo yaishe. Alitikisa kichwa kukataa. Halafu akasema, bila kunitazama, macho kwa mtoto:

"Mimi jino la kwanza la binti yangu niliambiwa kwa barua. Nilikuwa nimekwenda kibarua cha kiwandani, mbali, mwaka mzima. Mama yake aliandika tarehe na saa. Niliisoma mpaka ikachanika." Akamfuta mtoto mate kwa kumgusa tu, kama alivyofundishwa. "Yeye aone mwenyewe."

Mimi ni dada yake wa tumbo moja na sikuwa najua habari ya barua hiyo. Nilifuta namba kwenye simu. Na siku ile, kuanzia saa nne mpaka saa kumi na moja na nusu, niliuma ulimi kuliko siku zote za maisha yangu. Mama wa maji baridi alikuja kuuliza hali ya mtoto, nikamwambia bado bado. Mkurugenzi alipita, nikamgeuzia mgongo ili asinisome usoni.

Binti alikuja bila vumbi. Hakupanda lori siku hiyo, alisema. Alikaa ofisini kwa mwalimu wao wakizungumza, na barua ilikuwa mfukoni, imeshaandikwa. Alisema haya akiwa amesimama, kabla hata hajamgusa mtoto, kama mtu anayemeza dawa haraka. Mdogo wangu hakujitetea. Hakumwambia habari ya Alhamisi, wala hakumwonyesha ile kadibodi. Alimwambia tu uji uko tayari, umepoa, na mtoto anamngoja.

Binti akakaa kwenye benchi, akampakata, akachota kijiko. Mheshimiwa akafungua mdomo.

Ti.

Kijiko kikasimama hewani. Binti akakirudisha, akagusa tena. Akatia kidole, mtoto akamng'ata, akakichomoa akakitazama. Nilishika ukingo wa meza kwa nguvu ili nisiseme kitu.

"Baba," akasema. "Baba, njoo. Ana jino."

Mdogo wangu aliweka kiatu chini. Akanawa mikono, akaifuta, akaja akainama juu ya mtoto, mikunjo yote ya uso wake imefunguka.

"Liko wapi?" akauliza. "Nionyeshe."

Na binti akamwonyesha. Akamshusha mtoto mdomo wa chini kwa kidole chake, akimweleza baba yake hapa, si hapo, angalia vizuri, huku analia na kucheka, na mdogo wangu akitikisa kichwa na kusema kweli, kweli, nimeliona. Akaniambia na mimi nije. Nikaja. Nikaliona kwa mara ya kwanza.

Uji ulipokwisha binti alimpandisha mtoto kifuani. Kisha akasema Jumatatu wana jaribio la kurudisha lori nyuma hadi kwenye ghala, na inabidi afike mapema sana.

"Mlete," mdogo wangu akasema.